Kale Kaneno ka Nyuma

Simama steji ya Embu saa kumi na moja jioni, usikilize watu wakiongea kwa simu. "Ntakupick up hapo mbele." "Hao walibreak up kitambo." "Mimi nishagive up kabisa." Hakuna anayedhani anaongea Kiingereza. Ni Kiswahili chetu cha kila siku, na kina sheria zake, ingawa hakuna aliyeziandika ubaoni.

Chukua hiyo "ntakupick up". Shuleni tuliambiwa mara mia kwamba kiwakilishi lazima kikae katikati: ni "pick you up", si "pick up you". Phrasal verbs ni mambo ya KCSE, Karatasi ya Pili, kwa hivyo tulizikariri kama majina ya mito: give up, give in, give out, give away. Makanga hakukariri kitu. Amechukua "ku" ya Kiswahili akaipachika mbele, na kale kaneno ka nyuma, "up", kakabaki kameshikana na kitenzi chake. Vielezi navyo vinapanga foleni mwisho bila kusukumana: move on pole pole, sort out kesho, give up kabisa.

Kwa Waingereza wenyewe foleni si nyoofu hivyo. Utasikia "give up quickly", lakini "give quickly up" hutasikia. Halafu kuna vielezi vichache, hasa "right" na "straight", ambavyo vina ruhusa ya kupenya katikati: come right in, go straight back. Vikipenya, vinakaza kale kaneno zaidi ya kitenzi chenyewe. Haya hayakuwa kwenye orodha zetu. Niliyaokota kwenye sinema, na sikudhani yangenifaa popote.

Nikaja kuyahitaji Nkubu, upande wa Meru, kwao baba. Kulikuwa na kambi ya matibabu ya siku mbili, na daktari mgeni kutoka Uingereza. Shosho alikuwa amemeza vidonge vya steroidi kwa miezi kadhaa kwa sababu ya viungo kuvimba. Watafsiri walikuwa wachache, nikawekwa katikati yao. Mimi ni mtoto wa Embu, Kimeru changu kinaishia kwenye salamu, basi tukaelewana tutumie Kiswahili.

Daktari akasema: "She mustn't come straight off them. Bring her down slowly, then we'll take her off altogether."

Hesabu: off, down, off. Kila kamoja na kielezi chake, na uzito wote uko kwa hivyo vielezi. Mwili ukizoea steroidi kwa muda mrefu, tezi zake hupunguza kutengeneza homoni yake yenyewe. Ukikata dawa ghafla unabaki mikono mitupu: unalegea, unashikwa na kizunguzungu, presha inashuka, na mtu anaweza kufa. Hiyo "off" haikuwa na ubaya. Hatari ilikuwa kwenye "straight".

Neno la kwanza kunijia mdomoni lilikuwa "moja kwa moja". Kamusi ingenitetea. Lakini hebu jiambie mwenyewe: "Usiache dawa moja kwa moja." Unasikia nini? Usiache milele. Yaani ukiruka wiki moja kisha ukarudi, hujavunja amri ya mtu. Na hicho ndicho hasa daktari alikuwa anakataza. Nikalimeza hilo neno.

Shida ni kwamba Kiswahili hakipendi kuning'iniza mzigo nyuma. Hukibebesha kitenzi chenyewe: funga, fungua, fungia, fungika. Tunazo chache za aina ile, sikatai. "Kaa" peke yake ni kuishi ama kubaki, "kaa chini" ni kuketi, na Kimeru nacho kina "kara nthi". Lakini "come off" ya daktari haikuwa na pacha. Ilibidi niipasue iwe vitenzi viwili.

"Usiache ghafla, shosho. Utapunguza pole pole, na daktari ndiye atakuambia siku ya kuacha kabisa."

Akanyamaza. Akamwangalia daktari, si mimi.

"Kumbe ni kama kumwachisha mtoto ziwa."

Achisha. Ni "acha" ileile, ila imebeba "ish" tumboni, na sasa kuacha kumekuwa kazi ambayo mtu anamfanyia mwenzake. Hakutumia kielezi hata kimoja. Yeyote aliyelea mtoto anajua kazi hiyo haiishi kwa siku moja, hiyo "pole pole" ya nini tena? Nikamrudishia daktari kwa Kiingereza, na bila kupenda nikajikuta nimesema "wean her off". Kale kaneno tena. Daktari akacheka, akaandika hivyo hivyo kwenye kadi.

Shosho hakuwa na habari na sisi. Alishamwaga vidonge kwenye leso, anavitenga mafungu mafungu kwa kidole.

"Sasa kesho," akaniuliza, "nimeze vingapi?"