Sauti ya Kuazima

Albamu ya kwanza ya In Flames, Lunar Strain, ilitoka mwaka 1994, na sauti inayonguruma humo haikuwa ya mwanachama wa kundi. Nyimbo zilikuwapo, magitaa yalikuwapo, hata kampuni ndogo ya kuitoa albamu ilikwisha kupatikana. Mwimbaji ndiye aliyekosekana. Akaombwa Mikael Stanne, kijana wa bendi rafiki iitwayo Dark Tranquillity. Akaingia studio, akaimba, akarejea kwao. Methali ya Waswahili huonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Safari hii ilisitiri, na wala mwazimaji hakujua kwamba mwenye nguo angerudi kuivaa tena baada ya miaka ishirini na minane.

Hayo yalitokea Göteborg, mji wa bandari ulioko magharibi mwa Uswidi, wa pili kwa ukubwa katika nchi hiyo. Ni mji wa Volvo, na zamani ulikuwa mji wa kuunda meli, hadi karakana zake kubwa zilipoanza kufungwa katika miaka ya 1970 na 1980. Huvutia kuieleza ghadhabu ya muziki huu kwa kuutazama ufuo ule wa winchi zilizosimama. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Bendi haizaliwi kwa ghadhabu peke yake. Huhitaji chumba, umeme, vikuza sauti, na saa nyingi za kukosea bila kusumbuliwa. Uswidi ilikuwa na shule za muziki za manispaa ambako mtoto wa mtu yeyote aliweza kufundishwa ala kwa ada ndogo, na ilikuwa na vyama vya elimu ya watu wazima, kikiwamo kile cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1912, ambavyo viliwapokea vijana wenye magitaa kama vinavyolipokea darasa lolote la kujisomea, vikawapa mahali pa mazoezi. Kwa hiyo muziki uliowatisha wazazi ulilelewa kwa sehemu na kodi za wazazi hao hao. Jambo hili halitajwi sana na mashabiki, pengine kwa kuwa linaupunguzia muziki wao sura ya uasi.

Anayetafuta siku hasa ambayo In Flames iliundwa atachoka. Kwa kawaida hutajwa mwaka 1990 na jina la Jesper Strömblad. Lakini wakati huo Strömblad alikuwa mpiga besi wa kundi jingine, Ceremonial Oath, na In Flames ilikuwa shughuli yake ya pembeni, mahali pa kuweka mahadhi ambayo kule hayakupata nafasi. Hata alipoondoka Ceremonial Oath hakutulia nyumba moja. Mwaka 1993 yeye na Oscar Dronjak, mwenzake wa kundi lile la zamani, walianzisha HammerFall, wakapiga metali ya mtindo wa zamani yenye panga na mashujaa, na mwimbaji wao wa kwanza akawa, kwa mara nyingine, Mikael Stanne. Watu walikuwa wachache, majina ya bendi yalikuwa mengi. Picha ya ukoo wenye babu mmoja na matawi yake haifai hapa. Inafaa zaidi picha ya baraza: watu ni wale wale kila jioni, ila leo huyu ndiye mwenye zamu ya kuchemsha kahawa, kesho yule.

Kuna mabadilishano yanayoeleza hali hiyo kuliko maneno mengi. Katika albamu ya kwanza ya Dark Tranquillity, ya mwaka 1993, Stanne alipiga gitaa, na aliyeimba alikuwa Anders Fridén. Kisha Fridén akatoka, na Stanne akaacha gitaa na kuchukua kipaza sauti. Mwaka 1995 Fridén akaingia In Flames, katika kiti kile kile ambacho Stanne alikikalia kwa muda. Hivyo kila mmoja aliishia kuimba mahali ambapo mwenzake alikwisha kuimba kabla yake. Kwa bendi zinazopigania nafasi sokoni tukio kama hili lingezaa uhasama wa miaka. Hapa halikuzaa chochote ila albamu mbili nzuri, The Gallery ya Dark Tranquillity mwaka 1995 na The Jester Race ya In Flames mwaka 1996. Zote zilirekodiwa katika Studio Fredman ya Fredrik Nordström, ambako At the Gates nao walirekodi Slaughter of the Soul mwaka huo huo wa 1995.

Walichokifanya vijana hawa si kigumu kukieleza, ingawa kilikuwa kigumu kukifanya. Metali ya kifo iliyotoka Stockholm miaka michache kabla yao ilijulikana kwa magitaa yenye mlio wa msumeno, mzito na mchafu kwa makusudi. Wa Göteborg waliuhifadhi mngurumo wa mwimbaji na kasi ya dramu, lakini juu yake wakaweka magitaa mawili yanayokwenda bega kwa bega, moja likiimba mahadhi na la pili likiimba mahadhi hayo hayo ngazi chache juu yake, kama walivyofanya Iron Maiden wa Uingereza. Katika utunzi wa Strömblad kuna pia harufu ya nyimbo za kienyeji za Uswidi, zile za fidla, zenye furaha inayokaribia huzuni. Kwa hiyo msikilizaji husikia mambo mawili kwa wakati mmoja: kinywa kinachokataa kuimba, na magitaa yanayoimba kwa niaba yake. Mwimbaji huyo hata maneno hakuyaweka peke yake katika Kiingereza; Niklas Sundin, mpiga gitaa wa Dark Tranquillity, alimsaidia kuyatoa katika Kiswidi. Hata ulimi, basi, uliazimwa kutoka nyumba ya pili.

Katika The Jester Race aliyepiga dramu alikuwa Björn Gelotte, ambaye kwa kweli ni mpiga gitaa. Baada ya Whoracle ya mwaka 1997, Glenn Ljungström na Johan Larsson, waliokuwapo tangu mwanzo, waliondoka. Wakaingia Peter Iwers kwenye besi na Niclas Engelin kwenye gitaa. Engelin hakukaa, Gelotte akahama kutoka kwenye dramu kwenda kwenye gitaa, na Daniel Svensson akapewa dramu. Msomaji akichanganyikiwa asijilaumu. La muhimu ni kwamba kufikia mwaka 1998 kundi lilipata sura ambayo lingeendelea nayo kwa zaidi ya mwongo mmoja, na kwamba kati ya wale walioshiriki kuunda Lunar Strain alibaki Strömblad peke yake.

Sura hiyo ndiyo iliyotoa Colony mwaka 1999 na Clayman mwaka 2000, na ndiyo iliyobadilika mwaka 2002 kwa albamu iitwayo Reroute to Remain. Jina lake lenyewe linasema kwamba mtu hubadili njia ili abaki. Fridén akaanza kuimba kwa sauti safi katika viitikio, vinanda na mashine vikaongezeka, magitaa yaliyokuwa yakizungumza yakawa mara nyingi yanasindikiza. Wasikilizaji wapya walikuja kwa wingi, hasa kutoka Marekani, na wa zamani wakaanza kulalamika, na hawajanyamaza mpaka leo. Malalamiko yao huelezwa kama usaliti, na hapo ndipo yanapokosea. Albamu ile ilitungwa na watu wale wale walioitunga Clayman. Strömblad alikuwamo, akashika gitaa lake. Ikiwa kulikuwa na usaliti, aliyesalitiwa alikuwa miongoni mwa wasaliti. Ukweli ulio rahisi zaidi ni kwamba watu waliokuwa na miaka ishirini walikuwa sasa wanakaribia thelathini, na hawakutaka kuendelea kuiga walichokitunga walipokuwa vijana. Hata hivyo albamu yenyewe si ya kusamehewa yote. Zipo nyimbo humo zinazosikika kama mtu anayezungumza lugha ya ugenini kwa ufasaha mwingi kiasi cha kusahau alichotaka kusema.

At the Gates walikwepa mtihani huo kwa njia moja tu: walivunjika. Mwaka 1996, chini ya mwaka mmoja baada ya Slaughter of the Soul, kundi lilikwisha, na ndugu pacha Anders na Jonas Björler pamoja na mpiga dramu Adrian Erlandsson wakaunda The Haunted na mpiga gitaa Patrik Jensen. Albamu yao ya mwisho ikabaki safi kama picha ya marehemu aliyekufa kijana. Vizazi vya wanamuziki wa Marekani vikaiiga, huku wenyewe wakiwa hawapo kuiharibu wala kuiendeleza. Waliporudiana jukwaani mwaka 2008, na kutoa albamu nyingine mwaka 2014, walikuta wanasubiriwa na watu ambao hawakuwahi kuwaona. Mwimbaji wao, Tomas Lindberg, alifariki dunia Septemba 2025. In Flames hawakupewa heshima ya namna hiyo, kwa sababu hawakuondoka. Anayebaki huonekana anazeeka.

Walioondoka In Flames waliondoka mmoja mmoja, kila mtu kwa sababu yake. Wa kwanza na mzito kuliko wote alikuwa Strömblad, Februari 2010. Hakukuwa na ugomvi wa fedha wala wa mtindo. Alikuwa akipambana na ulevi, akasema hivyo hadharani, akaondoka ili apate kutibiwa. Mtu aliyeanzisha kundi kama kona ya kuwekea mahadhi yake sasa hakuweza kubaki ndani yake na kuwa salama. Kiti chake alipewa Engelin, yule aliyekwisha kuingia na kutoka. Svensson aliacha mwaka 2015 ili awe na familia yake, Iwers akafuata mwaka 2016, na wawili hao wakashirikiana katika kiwanda kidogo cha bia mjini kwao. Engelin naye akatoweka jukwaani mwaka 2019, na nafasi yake ikachukuliwa na Chris Broderick, Mmarekani aliyewahi kupigia Megadeth. Kwa muda kundi likawa la Waswidi wawili, Fridén na Gelotte, na Wamarekani watatu. Wanaoishi mbali na kwao hawatahitaji kuelezwa hali hiyo: jina la nyumbani linabaki mlangoni, na jikoni kunapikwa kingine.

Ndipo walioondoka wakakutana. Strömblad, Engelin, Iwers na Svensson waliunda kundi lililoitwa The Halo Effect, na walipohitaji mwimbaji hawakwenda mbali. Walimwita Mikael Stanne. Albamu yao ya kwanza, Days of the Lost, ilitoka Agosti 2022, na ya pili, March of the Unheard, mwanzoni mwa 2025. Wanachama wote watano wamewahi kusikika chini ya jina la In Flames kwa namna moja au nyingine. Magitaa mawili yanakwenda tena bega kwa bega, mngurumo uko mahali pake, na mtu anayefunga macho anaweza kudhani miaka ishirini haikupita.

Hapo swali la mashabiki likapata makali: ipi ndiyo In Flames halisi? Wapo wanaosema walio na jina wamebaki na kasha, na walioondoka wamekwenda na roho. Ni kauli tamu, lakini inawadhulumu Fridén na Gelotte. Wao waliingia mwaka 1995, kabla ya albamu iliyolifanya kundi lijulikane. Mahadhi mengi ambayo mashabiki huyadai kwa machozi yalitungwa na Gelotte pia. Na mwaka 2023, jina lile lile lilipotoa Foregone, mahadhi ya magitaa yalirudi mbele kwa nguvu ambayo haikuwa imesikika kwao kwa muda mrefu. Kama ni ushindani wa kimyakimya uliowaamsha, au ni uzee tu unaomrudisha mtu kwenye vitu vya ujana wake, kila msikilizaji ana dhana yake. Lakini kuna dhulma ya upande wa pili pia. The Halo Effect husifiwa kwa kurejesha, na aliyesifiwa kwa kurejesha haruhusiwi kubadilika. Watu watano walio katika miaka yao ya hamsini, au wanaoielekea, wanaombwa wawe na miaka ishirini na mitatu kila usiku, na makofi yanaongezeka kadiri wanavyofaulu.

Tena, mtindo huu haukupata kuwa mali ya bendi moja. Ulipita kutoka Ceremonial Oath kwenda pengine, ukaimbwa na mtu wa nyumba ya pili, ukaandikiwa maneno na mtu wa nyumba hiyo hiyo, ukarekodiwa katika studio moja iliyozipokea zote. Kumeguka hakukulikuta kundi hili ukubwani, lilizaliwa nako.

Lakini mkono wa mtu ni kitu kingine. Katika ziara nyingi za The Halo Effect, Strömblad mwenyewe hayupo jukwaani. Nyimbo ni zake, jina lake limo katika orodha ya wanachama, na sehemu yake ya gitaa hupigwa na Patrik Jensen, yule wa The Haunted, mtu wa kundi lililotokana na kuvunjika kwa At the Gates. Taa zinawaka, Stanne anatabasamu kama kawaida yake, Iwers na Svensson wanashika mwendo walioushika pamoja tangu mwaka 1998. Magitaa mawili yanaanza, moja likiimba na la pili likilifuata ngazi chache juu, na anayelipiga hilo moja amekuja kumshikia mwenzake.