Je, Binadamu Atabaki? Ukame, Ulezi na Nchi ya Natta



Vijana wa jumuiya zetu wameuliza kama binadamu atabaki duniani iwapo hali ya hewa itaendelea kuharibika kama inavyoharibika. Tungeweza kuwajibu upesi kwa kufungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 8, mahali Mungu anapoahidi kwamba majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma, kisha tukaenda zetu. Lakini ahadi hiyo haikusema kwamba kila apandaye atavuna.

Wataalamu wametoa hesabu zao. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambao joto la wastani la dunia lilizidi lile la kabla ya enzi ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5. Kwa mwendo wa serikali za dunia ulivyo sasa, tunaelekea karibu nyuzi 3 ifikapo mwaka 2100. Sehemu ya hewa ya ukaa inayotolewa leo itakuwa ingali angani baada ya miaka mia kadhaa, na bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi hata kama moshi wote ungezimwa kesho. Hata hivyo, wataalamu hao hawasemi kwamba binadamu atatoweka. Kwa maoni yetu, swali la kutoweka ni jepesi kuliko linavyoonekana, maana likitupata litatupata sote. Gumu zaidi ni kuuliza nani atabaki, akiwa wapi, na akipokelewa na nani.

Nchi hii imewahi kuulizwa hivyo. Katika miaka ya 1890 sotoka iliyotoka kaskazini iliangamiza ng'ombe na nyumbu katika nyika za Serengeti, na majirani zetu Wamasai wakapoteza karibu mifugo yao yote. Njaa na maradhi vikafuata. Simulizi za wazee wa Kinata, Kiikoma na Kiisenye zinakumbuka miaka hiyo kuwa ya kutawanyika. Watu walihama, wakaanza upya mahali pengine. Walikwenda Usukumani na mikia ya nyumbu, wakarudi na mifugo. Aliyefika bila ndugu alipewa ukoo, na mtoto wa mgeni akaitwa mtoto wa nyumba. Hatusemi haya ili kuipamba historia. Simulizi hizohizo zinakumbuka pia watoto walioachwa ugenini kwa ajili ya nafaka.

Wazee wetu, basi, walibaki kwa mambo mawili, yaani kuhama na kupokeana. La kwanza limefungwa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mwaka 1994 yakafuata mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, jirani kabisa na vijiji vyetu. Hatusimami hapa kulaumu. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanaozunguka kufuata mvua ni zawadi kwa dunia nzima. Ila ukweli usemwe: nyumbu anayo njia ya kuifuata mvua, mkulima wa Natta hana. Na hata nyumbu, ukame wa mwaka 1993 ulimpunguza hadi chini ya milioni moja.

Wala ukame si adui wa pekee. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita kimo cha mwaka 1964, na mwezi Mei 2024 likapanda juu zaidi, hata nyumba na mashamba ya pwani yake yakaingia maji. Anayefukuzwa na ziwa atatafuta ardhi juu, kwa watu ambao nao hawana ya ziada. Mto Mara unatoka msitu wa Mau nchini Kenya. Mti unaokatwa huko tunausikia huku, mto ukijaa ghafula na kukauka ghafula. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika juu ya mambo haya katika waraka wa Laudato Si' mwaka 2015, akarudi tena mwaka 2023 katika Laudate Deum kwa sauti kali zaidi, kwa kuwa hakuona mwitikio uliotosha. Moshi wa mafuta na makaa ya mawe unaotoka Tanzania haufikii hata asilimia 1 ya moshi huo duniani. Walioutoa mwingi wanadaiwa, na tuna haki ya kudai.

Wakati tunadai, tutakula nini? Masimulizi ya asili ya Wanata husema kwamba baba wa kwanza alikuwa mwindaji na mama wa kwanza mkulima, naye alikuwa na nafaka. Ulezi, nafaka ya zamani ya nchi hii, hukaa ghalani miaka mingi bila kuharibiwa na wadudu. Mahindi tuliyoyapenda kuliko ulezi hushambuliwa na fukusi na dumuzi baada ya miezi michache, na joto kali likiyakuta yanachanua, gunzi hubaki na punje za kuhesabu. Tunajua kwamba ulezi una kazi nyingi ya palizi, na kazi hiyo huwaangukia akina mama. Asiyeshika jembe asiwahubirie.

Tumezungumza na wenyeviti wa jumuiya. Wenye mbegu ya ulezi wa zamani walete kibaba kimoja Dominika ijayo, igawiwe kwa kaya zisizo nayo, tukianza na wajane na familia zilizofika hapa miaka ya karibuni. Wanaume watakaokubali kupalilia waandikishe majina yao kwa katekista.