Kutoka Base Camp Hadi Ziwani, Tukitafuta Udongo wa Jerikani

Mwezi uliopita wazazi wengi mlituuliza sisi walimu wa kujitolea kwa nini watoto wanarudi nyumbani mikono myeusi, wamebeba samadi na vumbi la mkaa. Eti siku hizi shuleni wanafundishwa kuokota uchafu? Hapana. Tulikuwa tunatafuta udongo. Na kwa kuwa udongo tuliotaka haupatikani mahali pamoja, ilibidi tutembee. Ndiyo maana mara hii tunawaandikia habari ya safari, ingawa safari yenyewe ni ya hapa hapa Nakivale.

Kambi hii ni ya zamani kuliko wengi wetu. Wanyarwanda wa kwanza waliletwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950, na waliotangulia walipata mashamba wakapanda mahindi na maharage. Sisi tuliokuja nyuma, na zaidi wale walioingia mwaka 2025 baada ya vita kufika Goma na Bukavu, tuna kiwanja cha nyumba na kichochoro cha kuanika nguo, basi. Chakula cha msaada nacho kilipunguzwa mwaka 2023, kikapunguzwa tena mwaka 2025, na familia nyingi zikaondolewa kabisa kwenye orodha. Kwa hiyo ukisikia tunazungumza juu ya lengalenga kwenye jerikani mbele ya mlango, usifikiri ni mchezo wa watoto. Ni mboga ya jioni.

Jerikani yenyewe, au bido kama wengi tulivyozoea kuita Kongo, ni ile ya lita 20 iliyopasuka juu ambayo haifai tena kuchotea maji. Isiwe iliyobeba dawa ya kunyunyizia shamba, hata kama imeoshwa mara kumi. Unakata sehemu ya juu. Chini unapanga vipande vya matofali kimo cha sentimita 8 hivi, na pembeni, kwenye kimo hicho hicho, unatoboa tundu dogo ili maji yakizidi yatoke. Kona moja unasimamisha kipande cha bomba au mwanzi, kifike mpaka chini kwenye matofali. Maji utayamimina humo, siyo juu ya mboga. Katikati ya matofali unapitisha utambi wa kitambaa cha pamba, ncha moja chini kwenye maji, nyingine juu ndani ya udongo. Ni kama koroboi: mafuta yako chini, moto uko juu, utambi unapandisha. Kitambaa kijaribiwe kwanza kwa kuchoma uzi mmoja. Ukiungua kama karatasi ni pamba, ukiyeyuka na kujikunja ni nailoni, na huo hautafaa.

Sasa udongo. Hapo ndipo watu wengi wanasema, chota tu hapa nje ujaze. Tukawaambia watoto wajaribu wenyewe. Tulichukua chupa tatu za maji, tukakata sehemu ya juu, tukazitoboa chini. Moja tukaweka mchanga mtupu, ya pili udongo wa bondeni ule mweusi unaonata, ya tatu mchanganyiko wetu. Zote tukazisimamisha kwenye beseni lenye maji ya vidole viwili, tukaziacha usiku kucha. Asubuhi mchanga ulikuwa umelowa chini tu, juu mkavu kabisa. Udongo wa bondeni ulipandisha maji, lakini baada ya siku kadhaa ukawa tope zito lenye harufu, na mizizi ndani ya tope haipumui, inaoza. Mchanganyiko ulilowa mpaka juu, na ukiubonyeza ni laini kama ugali uliopoa. Watoto walielewa kabla hatujafungua mdomo.

Basi tukaanza kutembea. Kutoka soko la Base Camp tulipita kwanza kwa akina mama wanaouza mkaa. Chini ya magunia yao kuna vumbi ambalo hakuna anayelinunua. Hilo ndilo zuri. Punje ya mkaa ina matundu madogo madogo, inashika maji na hewa, na haifanyi jerikani iwe nzito. Mama mmoja alicheka, akatuuliza, "Mwalimu, hii vumbi mutakula na nini?" Akatujazia nusu gunia bure. Usichanganye na jivu lakini! Jivu likiwa jingi linaharibu udongo, na kiganja kimoja kwa jerikani kinatosha.

Mchanga hatukuchimba ziwani. Pale ukingoni na kwenye mafunjo hapachimbwi, ni mahali panapolindwa, na viboko nao wapo. Tena maji ya mabomba yetu yanatoka ziwa hilo hilo kabla ya kusafishwa, kwa nini tulichafue? Mvua ya Machi mpaka Mei, na ile ya Septemba mpaka Novemba, inashusha mchanga kutoka vilimani na kuulaza kwenye mitaro ya barabara. Ukiukusanya pale unasaidia na mtaro kupitisha maji. Tulisimama tu kidogo kulitazama ziwa. Wengi wa watoto wetu wamezaliwa hapa, na wanajua jina la mto Rwizi unaoleta maji humo kuliko mito ya kwetu.

Samadi ndiyo ilitupeleka mbali. Nchi hii ni ya ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu, na mazizi ni ya wenyeji. Ukweli ni kwamba kati ya wenyeji na wakimbizi kumekuwa na maneno juu ya malisho na mipaka ya mashamba, na mzazi mmoja alituonya tusiende na watoto wengi. Tulienda sita. Tulisalimu kwa Kinyankore, "Agandi?", na mzee wa zizi akajibu "Nimarungi" huku akiangalia magunia yetu kwa mashaka. Tukamweleza. Akasema yeye samadi ya juu anaipeleka kwenye migomba yake, lakini lile rundo la zamani nyuma ya zizi tuchukue, mradi tufagie tulipochota. Tukafagia. Kumbe rundo la zamani ndilo tulilolitaka. Samadi mbichi inapata joto na kuunguza mizizi, inabidi ikae miezi miwili au mitatu mpaka isiwe na harufu na iwe kama udongo wenyewe. Kabla ya kuondoka mzee alituuliza hiyo jerikani inatengenezwaje, tukamchorea chini kwa kijiti.

Udongo wa juu tulichota wenyewe kwenye bustani ya shule, ile ngozi ya juu yenye majani yaliyooza. Ukichimba chini sana unapata ule mwekundu mgumu usio na kitu.

Vipimo vyetu ni hivi, kwa kopo moja lolote: makopo mawili ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyooza, moja la mchanga, moja la vumbi la mkaa. Chekecha vyote kwenye wavu, mabonge yavunjwe. Nyunyizia maji huku unageuza, halafu kamata kiganja ukibane. Tone moja au mawili yakitoka na donge likashikana, kisha ukiligusa likamomonyoka, umefika. Maji yakichuruzika ongeza udongo mkavu, donge likikataa kushikana ongeza maji kidogo. Jaza usipite sentimita 30 juu ya matofali, maana utambi una kikomo. Siku ya kwanza mwagilia juu ili maji yapate njia, baada ya hapo ni kwenye bomba tu, mpaka yatokee kwenye tundu.

Chini panakaa maji kama lita mbili. Mche mdogo unaweza kukaa siku kadhaa bila kuongezewa, ila Julai jua likiwaka na lengalenga limekua, chungulia kila siku. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Ya sabuni hapana. Ukifunika udongo kwa majani makavu ya migomba, jua halitayanywa maji yako.

Mchanganyiko uliobaki upo kwenye magunia manne nyuma ya darasa letu, na mbegu za lengalenga zipo. Njooni Jumamosi asubuhi na jerikani zenu. Wenye kisu kikali waje nacho, sisi tuna kimoja tu.