Bata Mzamaji wa Bonde la Ufa

Katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama Naivasha na Nakuru, yuko bata-mwitu mdogo, mnene, ambaye wataalamu humwita Oxyura maccoa. Dume, wakati wa kuzaana, ana kichwa cheusi, mwili wa rangi ya kutu, na mdomo wa buluu unaong'aa kana kwamba umepakwa rangi jana. Jike ni wa kahawia tu. Mkia wao mgumu mara nyingi husimama wima.

Nchi kavu huenda kwa taabu, lakini majini ni fundi: huzama kimya, akachuja tope kwa mdomo apate mabuu ya visubi na mbegu. Hujenga mateteni. Lakini uzamaji huo humponza, kwa maana akinaswa na nyavu za wavuvi hufa maji kabla hajapanda kuvuta pumzi.