Ukungu wa Mbooni

Mama yangu alifariki Malindi usiku wa kuamkia Jumamosi, mwezi wa Julai, nami nikiwa Nairobi. Miaka mitatu kabla ya hapo, tulipokuwa tukirejea nyumbani baada ya kumwosha jirani yetu, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, zamu yangu ikifika, unioshe wewe." Niliitikia kwa wepesi, kama tuitikiavyo mambo tunayodhani yangali mbali.

Alfajiri ile mama mdogo alinipigia simu. Baada ya kunipa habari alisema watanisubiri hadi adhuhuri, kwani jeneza litatoka baada ya alasiri. Kwa barabara nisingewahi, na ndege za abiria zilikuwa zimejaa. Ndugu zangu wakachanga fedha, tukakodi ndege ya injini moja, yenye viti sita, katika uwanja wa Wilson. Rubani alikuwa binti ambaye sidhani alikuwa ametimiza miaka thelathini. Nakiri kwamba nilipomwona nilisita.

Yeye alisita kwa sababu nyingine. Julai Nairobi hufunikwa na mawingu mazito ya chini, ambayo pengine hayainuki hadi mchana, na safari yetu ilikuwa ya kuruka kwa macho. Maana yake ni kwamba rubani huongoza ndege kwa kuitazama ardhi na upeo wa macho, si kwa kutegemea vipimo peke yake. Katika sehemu kubwa ya anga ya chini sharti aone mbele yake walau kilomita 5, tena akae mbali na wingu mita 1,500 kwa upande na mita 300 kwa juu au chini. Alitueleza hayo kwa upole. Nilimwendea mara tatu kumhimiza, na mara ya tatu nilimwambia neno ambalo hadi leo linanichoma: "Kwani wewe huna mama?"

Hakujibu. Saa nne na robo mawingu yaliinuka kidogo, akaomba ruhusa, tukaondoka.

Anayetaka kwenda Malindi moja kwa moja kutoka Wilson hupita karibu kabisa na vilima vya Mbooni, baada ya Machakos. Wakamba husema jina hilo lina maana ya mahali pa nyati. Nyati sikuwaona, niliona matuta ya mashamba yaliyopangwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, mabati yanayong'aa kwa mvua, na moshi wa jikoni. Kisha sikuona mabati. Kisha matuta yakawa yanatokea na kupotea. Ardhi ilikuwa ikipanda kuelekea kwetu huku wingu likishuka, na sisi tu katikati, katika nafasi iliyokuwa ikifinywa kila dakika. Mvua ilichapa kioo. Mimi nilikuwa nikitazama saa.

Binti aliinamisha ndege upande wa kushoto, taratibu, mpaka tukageukia tulikotoka. Nilipotambua nilipaza sauti. Ndugu yangu naye akasema, "Kapteni, mbele huko kuna mwanga!" Hakugeuza uso. Alijaribu upande wa kusini, ambako nchi ni tambarare na mtu aweza kuifuata reli na barabara ya Mombasa, lakini huko nako wingu lilikuwa limelala chini. Tukarudi Wilson.

Nilikuwa sijui wakati ule kinachompata mtu ndani ya wingu. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye maji, ambayo hutusaidia kujua tumeinama au tumesimama. Ndege ikigeuka polepole kwa muda, maji hayo hutulia, na mwili huapa kwamba unakwenda sawa ilhali unazunguka na kushuka. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo, wakawaondolea uwezo wa kuona nje. Wote 20 walishindwa kuimiliki ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Ni dakika tatu kasoro, muda wa kuchemsha chai.

Hata kwetu ukungu na milima vimetuliza. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi iliyowabeba wabunge na viongozi wa dini waliokwenda kupatanisha watu iligonga mlima Marsabit, wakafa 14. Juni 5, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale iliangukia milima ya Aberdare na watu 10. Mabaki yake yalionekana siku ya tatu.

Lakini siku ile sikuwaza hayo. Tuliposhuka Wilson nilikaa sakafuni nikalia. Binti alikuja akachutama kando yangu. "Mama," akasema, "mama yangu ninaye. Yuko Kitui." Akaninyamazia hapo.

Tuliondoka tena saa nane, anga ikiwa imefunguka. Tulipoingia mtaani kwetu wanaume walikuwa wakirejea makaburini. Mama mdogo alinieleza yote kwa utaratibu, kama anayetoa hesabu ya amana: nani alishika kichwa, nani alimimina maji, jinsi majani ya mkunazi yalivyotosha na kafuri ikabaki kidogo. Aliniwekea ile iliyobaki katika kikaratasi. Nililala nayo chini ya mto.

Kwa majuma kadhaa nilimwekea binti yule kinyongo, nacho kilinifaa, kwani kilinipa mtu wa kumlaumu. Nilipokwenda tena Nairobi nilimpelekea halua. Alitandaza ramani mezani, akanionyesha namba iliyoandikwa juu ya Mbooni, yaani urefu wa kilele. Halafu akaandika kwa penseli, pembeni, urefu tuliokuwa nao tulipogeuka. Namba yetu ilikuwa ndogo.

Nilimuuliza ule mwanga alioona ndugu yangu ulikuwa nini. Akasema naye aliuona.