Huyo Jadi Anakaa Wapi?

Kila gazeti lina masharti yake kwa wanaotaka kuliandikia. Sisi wa vyumba vya habari huwa tunayasoma juu juu: idadi ya maneno, picha, tarehe ya mwisho, basi. Lakini masharti ya jarida la washonaji wa viraka ni kitu kingine. Mwaka jana nilipata ya jarida moja la ng'ambo, kurasa nne, na nikayasoma kama mtu anayesoma hati ya kununua kiwanja. Walitaka makala. Walitaka picha za kazi yenyewe, mbele na nyuma. Walitaka orodha ya vitambaa na kiasi chake, na mchoro wa kukatia kila kipande kwa ukubwa wake halisi, pamoja na robo inchi ya kushonea kila upande. Walitaka maelekezo hatua kwa hatua, yawe yamejaribiwa na mtu ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo. Na mwisho kabisa walitaka sahihi chini ya tamko fupi: kwamba ubunifu huu ni wa mwenye kusaini, na haukutoka kwa mtu mwingine yeyote.

Tamko hilo ndilo lililotukalisha miezi mitatu, mimi na shangazi yangu wa Ilula.

Ilula wengi wanaijua kwa dirisha la basi. Ukitoka Dar, ukaliacha joto la Ruaha Mbuyuni na kuupanda mlima Kitonga, hewa inabadilika, na muda si mrefu unaona ndoo za nyanya na vitunguu zimepangwa kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia. Watu wananunua, basi linaondoka. Kinachobaki nyuma ni mji wa wilaya ya Kilolo ambao Juni na Julai una baridi ya kumfanya mtoto agome kuoga. Kwa hiyo watu wanahitaji blanketi, na blanketi jipya ni hela. Nyanya nazo zina tabia yake: msimu ukiwa mzuri kila mtu anavuna, na kila mtu akivuna bei inaanguka.

Shangazi anashona blanketi za viraka. Anapita kwa mafundi cherehani kukusanya mabaki ya vitenge, vile vipande virefu vyembamba vinavyobaki gauni likishakatwa. Katikati anaweka kipande cha mraba. Kukizunguka anashona vile virefu, kimoja kimoja, kila kimoja kikilala juu ya ncha ya mwenzake, mpaka mraba mdogo unakuwa mraba mkubwa. Miraba ikifika thelathini anaiunganisha, anatandika blanketi kuukuu chini yake, anaweka shuka upande wa nyuma, kisha anapiga bandi tabaka zote tatu kwa mkono. Kwake hii ni kazi ya kawaida na haina jina. Mimi ndiye niliyesema inafanana na tenga la nyanya lilivyosukwa, naye akasema haya, iite Tenga.

Jarida lilikuwa linalipa. Kwa makala peke yake si haba, na kwa mchoro zaidi: hesabu tuliyoipiga ilitosha kununua cherehani ya pili. Ndiyo maana tulikaa chini kuandika.

Nimeandika habari kwa zaidi ya miaka kumi, na sijakutana na uandishi mgumu kama ule. Habari ukiiandika vibaya, msomaji atalalamika au atapita. Maelekezo ya kushona ukiyaandika vibaya, msomaji atakata kitambaa chake, na kitambaa kilichokatwa hakirudi. Neno kama "kidogo" halifai. "Geuza" halifai mpaka useme unageuza nini, kuelekea wapi, na upande upi wa kitambaa unatazama juu. Shangazi anatumia futi ya fundi na inchi anazijua vizuri, hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa boksi.

Vipande vyake anavikata kwa kufuatisha kipande cha boksi la sabuni. Boksi likichakaa kwenye kona, analiweka juu ya boksi jipya, anachora kulizunguka, anakata, na la zamani linawasha moto. Sasa, kila unapochora kulizunguka boksi, penseli inakaa nje kidogo. Na kila kona inapochakaa, kipande kinapungua kidogo. Boksi nililopima mimi lilikuwa mtoto wa boksi lingine, nalo la lingine, kurudi nyuma miaka isiyopungua ishirini. Upande mmoja ulikuwa inchi tatu kasoro, mwingine tatu na ushee. Nikamuuliza kipimo chenyewe hasa ni kipi. Akaniambia, "Mwanangu, cha mwanzo alikuwa nacho mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Hapo ndipo zilipotoka habari za watu watatu. Mraba wa katikati na vile virefu kuuzunguka alifundishwa na jirani, mke wa fundi, aliyehamia Ilula kutoka Njombe na sasa ni marehemu. Ule utaratibu wa kuweka vitambaa vya giza pande mbili na vya mwanga pande mbili, ili blanketi zima lionekane kama linasukwa, ulitoka kwa mwanamke mwingine, mwenzake wa kwaya, ambaye yupo na ana simu. Bandi za kupinda kufuata kona ni za mama yake, yaani bibi yangu. Na yeye mwenyewe? Alifikiri kidogo. "Mimi niliweka shuka nyuma. Wao walikuwa wanaacha wazi."

Nikamsomea lile tamko la mwisho, nikimtafsiria. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema hatasaini. Alisema bila hasira, kama anavyomkatalia mnunuzi bei: "Nikiweka sahihi hapo, Jumapili nitakaaje na mwenzangu kwenye benchi moja?"

Nikamwandikia mhariri nikimweleza. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, la adabu kabisa. Alisema kazi hiyo wameipenda. Ila kwa kuwa hakuna mbunifu mmoja, wangeweza kuichapisha kama ruwaza ya jadi. Kwa ruwaza za jadi hawaandiki jina wala hawalipi ubunifu, ila makala yangu ingelipwa kama kawaida, kwa jina langu.

Nilipomweleza shangazi neno hilo, jadi, alitaka kuhakikisha ameelewa. Kwamba akisema ni yake peke yake, analipwa. Akisema ukweli, kwamba ni ya watu wanne, basi inakuwa ya Jadi. Akauliza, "Huyo Jadi anakaa wapi?"

Nimelibeba swali hilo kila mahali tangu siku ile. Nchini kwetu jadi ni neno la heshima. Tunaliweka kwenye majina ya vikundi vya ngoma na kwenye hotuba. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi, na ni jambo jema. Lakini tazama neno hilo linavyofanya kazi likishaingia kwenye karatasi za wachapishaji: linawafuta watu wenye majina, wenye simu, wenye makaburi yanayojulikana, na mahali pao linaweka ukungu. Kanga tunayoijua wote ina maneno yake. Kanga nyingi za Mombasa zina chapa ya Mali ya Abdulla, ya kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, na chapa hiyo imedumu. Aliyetunga maneno yenyewe, yale ambayo mtu ananunua kanga kwa ajili yake, haandikwi. Tukiulizwa, tunasema ni methali, ni za jadi. Huenda ni za bibi mmoja tu, siku moja, akiwa amekasirika.

Si lazima iwe hivyo. Mwaka 1928 gazeti la Kansas City Star la Marekani lilianza kuchapa michoro ya kushonea viraka, na halikuacha mpaka 1961, michoro zaidi ya 1,000. Kadiri miaka ilivyokwenda, mingi ililetwa na wasomaji wenyewe, wengi wao wanawake wa mashambani. Majina ya michoro yalikuwa ya maisha yao: vinu vya upepo, ndege, njia za mashambani. Wengi walituma kazi walizorithi kwa mama na bibi zao. Gazeti halikuwalazimisha wadai wamezibuni. Liliandika kwamba mchoro huu umeletwa na mama fulani wa mji fulani. Likaishia hapo.

Umeletwa. Neno dogo tu, na lingetutosha. Katikati ya mbunifu na jadi yupo mtu wa tatu, mletaji: aliyepokea, akatunza, akaongeza shuka nyuma, akapeleka mbele. Na hata sisi tunamjua. Washairi wetu wa zamani walikuwa na desturi ya kujitaja kwenye beti za mwisho, jina na mahali, na mara nyingine tarehe, ingawa bahari waliyotungia haikuwa yao na hakuna aliyewaambia waibuni upya. Wapokezi wa hadithi za Mtume wana isnadi, mlolongo wa nani alisikia kwa nani, na hadithi isiyo na mlolongo wake inatiliwa shaka. Kumtaja aliyekupa hakukupunguzii kitu. Ndiko kunakokufanya uaminiwe.

Kuhusu huo ubunifu wa mtu mmoja nina neno jingine. Huko Gee's Bend, Alabama, wanawake Weusi wameshona viraka kwa vizazi, na mwaka 2002 kazi zao zilianza kuoneshwa kwenye makumbusho makubwa ya Marekani, kila blanketi likiwa na jina la aliyelishona. Aina mojawapo wanaiita kwa jina lenye maana ya paa la nyumba: mraba katikati, vipande virefu kuuzunguka. Nilipoziona picha zake nilimpelekea shangazi kwenye simu. Alizikuza, akazitazama sana, akasema, "Hawa nao walikuwa na vipande virefu." Hakuona muujiza wowote. Mtu mwenye mabaki marefu na baridi usiku atafika hapo hapo, awe Alabama au Ilula. Kwa hiyo huwezi kusema mraba na vipande virefu ni vya fulani peke yake. Kinachoweza kuwa cha mtu ni njia ya kufika: boksi lile, bandi zile, mke wa fundi aliyekuja kutoka Njombe.

Nilimwandikia mhariri mara ya mwisho. Nilipendekeza waandike "imeletwa na", kisha majina manne, na malipo ya ubunifu yagawanywe kwa walio hai. Alijibu kwamba mfumo wao una nafasi ya jina moja. Sina ugomvi naye. Ana mfumo wake, na jarida lazima litoke. Tulikaa na jibu hilo siku mbili. Hela zile zilikuwa za kweli, na anayezihitaji si mimi. Nilimwambia shangazi kwamba makala inaweza kwenda peke yake, na malipo yake yote ningemkabidhi. Akaniuliza kama makala ikienda na picha, washonaji wa huko hawataweza kuifuatisha Tenga kwa kuangalia tu. Nikasema mshonaji mzoefu ataweza. "Basi tutakuwa tumempa huyo Jadi bure," akasema. "Acha. Cherehani italetwa na nyanya, bei ikikaa sawa."

Tulichofanya ni hiki. Maelekezo tulikuwa nayo tayari, hatua kumi na moja, kwa Kiswahili, kwa sababu niliyaandika kwanza kwa lugha anayoweza kuyakagua yeye. Kipimo tulichagua inchi tatu kamili. Alisema mke wa fundi alikuwa mtu wa vitu kamili. Kijana mmoja anayejifunza ushonaji, ambaye hakuwahi kuliona blanketi hilo, alikata na kushona mraba mmoja kwa kusoma tu. Tuliupima, ukatoka sawa na wa shangazi. Nikatoa kopi hamsini kwenye duka la vifaa vya ofisi pale barabarani, karatasi pande mbili, mchoro wa kukatia nyuma kwa ukubwa wake halisi, ili boksi likichakaa mtu arudi kwenye karatasi asirudi kwenye boksi.

Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza pameandikwa: Imeletwa na. Halafu majina manne, la kwanza likiwa la marehemu, na mbele ya kila jina kile alichokileta: mraba, giza na mwanga, bandi za kona, shuka ya nyuma. Halafu Ilula, na mwaka. Mwenzake wa kwaya alipoliona jina lake alilisoma mara mbili, akaomba kopi nne.

Majina hayo siyaandiki hapa. Shangazi ndiye aliyekataa. "Jina langu liende na blanketi," alisema. "Huko kwenye mtandao watu wakinijua wataanza kunipigia kuniomba hela, nami hela yenyewe nimeikataa."