Bomba la Hewa la Shimo la Choo

Tulipokuwa tukiitengeneza upya nyumba yetu hapa Mpanda, ili choo kihamie ndani na wazee wetu wasitoke gizani wakati wa mvua, fundi alitushauri tulifunike shimo jipya kwa zege pasipo bomba la hewa. Alisema kilichofunikwa hakinuki, na fedha ya bomba tungeiongeza katika rangi. Twaona hoja hiyo yastahili jibu, kwani tumeisikia katika nyumba nyingi.

Uchafu uozao shimoni huzaa hewa, na hewa hiyo haina budi kutafuta njia. Ikinyimwa njia ya juu, hurudi chumbani. Chini ya sinki la choo mna kiwiko kibakizacho maji kidogo, nayo ndiyo yazuiayo harufu. Lakini maji mengi yamwagwapo kwa ghafula katika bomba lisilopumua, huyafyonza na hayo. Bomba la inchi 4, lililoungwa nyuma ya choo, likapandishwa kupita paa na kufungwa wavu wa kuzuia nzi, huondoa taabu zote mbili. Peter Morgan, alipobuni choo cha shimo chenye bomba la hewa huko Zimbabwe (Rhodesia ya wakati ule) mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliutegemea upepo upitao juu ya bomba, bila mashine wala mafuta. Uzuri wake juu ya paa ni shauri jingine. Mama mkubwa asema nyumba yetu sasa yafanana na garimoshi la Kaliua.

Lililotutia hofu zaidi ni shimo la zamani. Kijana aliyekuja kulifukia alitaka kwanza ashuke kutoa matofali ya chini, yapate kutumika tena. Tulimkatalia. Katika hewa ya shimo imo ile inukayo kama yai viza. Ni nzito kuliko hewa tuivutayo, hivyo hutuama chini, na ikizidi huifisha pua kwanza, mtu akadhani imekwisha. Iko na nyingine iwakayo moto, basi hata taa ya utambi haifai kuteremshwa. Aghalabu hafi mmoja: wa kwanza huanguka, ndugu yake humfuata ili amwokoe. Wala bomba la hewa halimpi mtu ruhusa ya kushuka.

Kijana alinuna, akadai ujira wa siku nzima, tukampa. Matofali yale yamefukiwa humo humo, na zege la shimo jipya likamwagwa Alhamisi, bomba likiwa mahali pake.